Unga wa Tumbo la Samaki

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani kwa kinyozi, pale kichochoro cha kuteremkia kwenye mabwawa ya samaki kinapoachana na barabara. Kulia kwetu watu wanaosha magari kutwa. Kushoto kuna kibanda cha fundi redio, ambamo redio tatu huongea kwa mpigo na hakuna hata moja iliyopona sawasawa. Wakaaji ni walewale: Wembe, kinyozi mwenyewe, Mawimbi, fundi redio, Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye ajali zake zote zilisababishwa na wengine, Birika, anayetuuzia kahawa na kusikia kila kitu, na mimi, ambaye wananiita Msomi kwa kuwa nilikuwa karani wa mahakama miaka ishirini na sita, na hadi leo mtu akipata barua ya serikali huniletea nimsomee. Tulikuwa na wa sita, Tope. Asubuhi ninayoisimulia ilikuwa ya nne tangu tumzike, na kijiwe kizima kilikuwa na kazi moja tu: kueleza kilichomuua.

— Sabuni, alisema Breki. Hamna haja ya kuzunguka mbuyu. Hawa waosha magari wanamwaga mapovu, mapovu yanateremka kichochoroni, yanaingia bwawani. Samaki akinywa sabuni atapona?

— Sabuni gani bwana, alisema Mawimbi. Mtaro wa waosha magari unakwenda huku juu, barabarani. Maji hufuata mkondo.

— Ndiyo nakwambia! Yanafuata mkondo.

— Mkondo wenyewe hauelekei kwa Tope!

— Methali haikusema unaelekea wapi. Imesema yanafuata. Birika, tia.

Birika alitia. Alikuwa hajasema neno tangu aweke jiko chini.

— Na Tope mwenyewe je? Wembe akauliza, huku ananoa. Naye kafa kwa sabuni?

— Tope kafa kwa uchungu. Samaki elfu tatu, kaka! Ungekuwa wewe?

Niseme kilichotokea kama kilivyotokea. Tope alifyatua matofali tangu ujana wake. Nyumba nyingi za mtaa huu zimetoka mikononi mwake, na udongo wake aliuchimba pale chini, hadi yakabaki mashimo mawili makubwa kama viwanja. Mgongo ulipomkatalia matofali, aliyatazama yale mashimo msimu mmoja mzima wa mvua, kisha akayajenga kingo, akayatia perege. Watu walicheka. Yeye na mkewe walisaga dagaa na pumba kwa mikono, wakalisha, na mwaka wa pili hakuna aliyecheka tena.

Mwaka huu samaki wa bwawa kubwa waligoma kukua. Walikuwa na vichwa vikubwa na miili myembamba, na kinyesi cheupe kinachoning'inia kama uzi. Akaambiwa dukani kwamba matumbo yao hayana afya, wanakula lakini chakula kinapita tu. Akauziwa unga wa kuchanganya kwenye chakula, wa kahawia, wenye molasi na chachu na vijidudu vile vizuri vinavyotengeneza tumbo. Wiki ya kwanza samaki walikula kama wendawazimu. Wiki ya pili wakaanza kukiacha chakula. Maji yakawa mazito, ya kijani, na harufu kama uji uliolala. Tope akaja kutuambia, na sisi, hapa kwenye benchi, tukamwambia asikate tamaa, dawa huanza kwa kuchokoza ugonjwa.

Kisha kukaja ile asubuhi ya mawingu, hakuna upepo hata wa kutikisa jani. Alipofika bwawani alfajiri aliwakuta wote juu, elfu tatu, midomo nje ya maji, wanatafuta pumzi. Aliingia hadi kifuani akaanza kuyapiga maji kwa ubao ili yapate hewa. Mkewe alisimama ukingoni akichota kwa ndoo na kumwaga kutoka juu. Walifanya hivyo kuanzia alfajiri hadi saa nne. Sisi wakati huo tulikuwa tumeshakaa. Tulisikia yale maji yakipigwa, na Breki akasema, "Leo Tope anafua mablanketi," tukacheka. Saa nne mlio ukakoma. Alianguka ndani ya maji, kati ya samaki wake, na mkewe ndiye aliyemvuta hadi ukingoni peke yake. Daktari alisema ni moyo.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Lakini kijiwe hakishibi ukweli mkavu.

— Mimi ninawaambia ni mnara, alisema Mawimbi, akashusha sauti. Ule mnara mpya wa simu. Mnajua mawimbi yanafanya nini kwenye maji? Yanayachemsha. Si kwa kuunguza, hapana, yanayachemsha kwa ndani.

— Mbona chai yangu ya nyumbani haichemki? Wembe akauliza.

— Chai yako ina sukari. Sukari inazuia.

— Acheni mchezo, alisema Breki. Nimefikiri upya, sabuni naiondoa. Ni ule unga. Mnajua unatoka wapi? Hamjui. Nimeendesha malori mipakani, nimeona. Wanausaga huko, wanaujaza mifukoni, wanatuletea tuwape samaki wetu ili wafe, halafu tununue wa kwao wa barafu. Na aliyemla samaki wa unga ule hazai tena.

— Wewe ulimla mwezi uliopita, alisema Wembe.

— Mimi nimeshamaliza kuzaa.

— Bwana Samaki mwenyewe amesema unga si sumu, alisema Birika.

Wote tukageuka. Lilikuwa neno lake la kwanza siku ile. Bwana Samaki ndiye afisa wa ufugaji. Alifika siku ya msiba, akachovya mkono bwawani, akanusa, akasema maji yamekosa hewa, chakula kingi kimeozea chini. Akatoa pole akaondoka.

— Afisa! Wembe akacheka. Afisa kakaa dakika tano. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali ilishamaliza uchunguzi, yeye kaja kufanya nini?

Birika aligeuka. Alinitazama mimi. Alinitazama kidogo tu, akarudi kwenye jiko lake, nami nikainamia kikombe changu.

Maana Birika aliona. Siku Tope alipotoka dukani na pakiti yake, wenzetu walikuwa wameinamia drafti. Alinigusa bega, akanipeleka kwenye pembe ya ukuta, karibu na jiko la Birika, akaitoa pakiti chini ya shati kama mtu anayeonyesha kidonda.

— Msomi, hebu nisomee hapa, alisema. Macho yangu yana vumbi la tofali leo.

Tofali aliliacha miaka minne nyuma. Nilijua hajui kusoma. Nimemjua miaka thelathini, na hajawahi kukiri, nami sijawahi kumlazimisha akiri. Ila yeye hakujua la kwangu. Miwani yangu niliikalia mwezi mmoja kabla, kioo kimoja kikapasuka na kingine kikatoka. Nikawa naiweka mfukoni, mkono mmoja wa miwani ukichungulia nje, ili watu waone ipo. Bila miwani ile maandishi ya pakiti ni mchwa tu wanaotembea. Ningesema, "Ndugu yangu, sioni." Ni maneno matatu. Lakini mtu aliyeitwa Msomi miaka yote hiyo! Niliinua ile pakiti, nikaikunjia uso, nikaona kitu kama tano na kitu kama duara baada yake, nikasema kwa sauti ya mahakamani:

— Gramu hamsini kwa kila kilo ya chakula.

— Hamsini, akarudia. Asante, kaka. Mungu akuweke.

Siku iliyofuata mazishi nilikwenda duka lile la dawa za mifugo. Nilimwuliza binti wa dukani kipimo cha ule unga, kama mtu anayetaka kununua.

— Gramu tano kwa kilo, baba. Imeandikwa.

— Na mtu akizidisha? Akitia, tuseme, hamsini?

— Mh! Chakula kitachacha, samaki watakiacha, kitaozea chini. Na vile vijidudu na molasi vikiwa vingi vinavuta hewa yote ya maji. Utawakuta asubuhi wanaelea. Una samaki wangapi, baba?

Nilimwambia sina samaki. Nikarudi nyumbani nikalala mchana kutwa, mke wangu akadhani ni malaria.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo pale kwenye benchi, wakati Wembe anaweka chini jiwe lake la kunolea na kusogeza kiti. Nilimjua. Akisogeza kiti, anakuja na jambo.

— Ninyi mnakwenda mbali, alisema. Minara, mipaka. Kikulacho ki nguoni mwako. Hebu tuulizane: nani alikuwa anachanganya kile chakula?

Wembe akatuangalia mmoja mmoja.

— Si Tope. Tope alikuwa anamwaga tu. Aliyekuwa anapima na kuchanganya ni mwanamke wake. Nani alikuwa naye siku ile bwawani? Huyohuyo. Peke yake! Na nimesikia kwa jirani yao kwamba Bwana Samaki alipokuja, ile pakiti ya unga mama aliifichia jikoni, chini ya pipa. Mtu msafi anaficha nini?

— Ala! alisema Mawimbi.

— Mimi simsemi mtu. Nasema tu akili kumkichwa.

— Kweli nilimwona msibani, Breki akadakia. Hakulia sana.

— Si ndiyo hapo!

— Alikuwa amekauka macho. Mtu anayekauka macho ana lake.

— Ndugu wa marehemu wanakuja Jumamosi, alisema Wembe, kukalia kikao cha yale mabwawa na nyumba. Kaka yake mkubwa kashanipigia, anataka kujua mtaa unasemaje. Wakinikalisha, mimi nitasema nilichosikia. Siwezi kuficha ukweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Umeona lakini, Wembe? Birika akauliza. Au umesikia?

— Lisemwalo lipo.

Nilijua kikao cha namna hiyo. Nimeandika kumbukumbu za kesi za wajane miaka ishirini na sita. Nilijua neno kama hilo likishaingia masikioni mwa mashemeji halitoki. Mwanamke hutolewa na sanduku lake na sufuria mbili, kisha mtaa husema alijitakia. Nilifungua mdomo. Nikasema:

— Tuwe na subira, jamani.

Hayo tu. Ndiyo yote niliyopata. Wembe akaniitikia kwa heshima, "Umenena, Msomi, subira," akaendelea palepale alipoachia.

Hapo ndipo mke wa Tope alipotokea kichochoroni.

Hakuwahi kuja kwenye benchi letu hata siku moja. Tope alikuwa akimaliza kahawa anamfuata yeye. Alikuwa na kanga ya msibani kichwani, miguu ina tope lililokauka hadi kwenye goti, na mkononi ameshika pakiti ya kahawia iliyokunjwa mdomo. Wembe alisimama upesi, akapangusa ubao kwa taulo la wateja.

— Karibu, shemeji. Pole sana, shemeji. Kaa.

— Sikai, shemeji zangu. Nimeacha kazi bwawani. Asanteni kwa mazishi, mlifanya yote.

— Ni wajibu wetu, alisema Breki, akitazama viatu vyake.

— Nina swali moja, alisema. Lile bwawa dogo bado lina samaki hai. Mia nne na kitu, watoto. Hao hawakupewa unga, pakiti moja haikutosha wote, na hiki ndicho kilichobaki. Sasa na wao wameanza, kinyesi cheupe, hawakui. Bwana Samaki kasema unga si sumu, unafaa, ila lazima kipimo. Mimi kusoma sijui. Marehemu naye alikuwa hajui, Mungu amrehemu, ingawa alikuwa hapendi isemwe. Aliniambia alisomewa hapa kijiweni. Ni nani aliyemsomea? Naomba anisomee na mimi.

Redio za Mawimbi ziliongea zote tatu. Mawimbi alimtazama Breki, Breki akamtazama Wembe. Walikuwa hawajui kweli. Birika aliinama akapuliza mkaa ambao ulikuwa unawaka vizuri.

— Pengine alisomewa dukani, alisema Wembe.

— Aliniambia kijiweni. Shemeji, nisameheni nikisema mengi. Mimi ndiye niliyekuwa napima. Aliniambia hamsini, nikapima hamsini kwa kile kimizani cha kupimia viungo, mawe yake nayajua kwa ukubwa. Au nilisikia hamsini. Tangu siku ile nalala, naamka, nasikia sauti yake, mara hamsini, mara kumi na tano, sijui tena. Bwana Samaki alipokuja nikaogopa, pakiti nikaificha. Nikasema wataona ni mkono wangu uliomuua. Sasa nataka kujua tu. Kama ni mkono wangu, nijue ni mkono wangu.

Alisema hayo bila kupandisha sauti, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Wembe alikaa chini taratibu.

Nilisimama. Sijui miguu iliamuaje, mimi sikuiamuru.

— Ni mimi, shemeji. Mimi ndiye niliyemsomea.

Akanipa pakiti kwa mikono miwili, kwa adabu.

— Asante, shemeji. Hebu nisomee tena.

— Siwezi.

— Huwezi vipi?

— Sioni. Miwani yangu ilivunjika mwezi mmoja kabla hajaniletea. Siku ile pia nilikuwa sioni. Nilikisia. Nilimwambia hamsini. Nimekwenda dukani baada ya mazishi nimeuliza. Ni tano, shemeji. Gramu tano kwa kilo moja. Wewe hukusikia vibaya. Ulipima kilekile nilichosema mimi.

Breki alitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Nilingoja mwanamke yule anitukane, nilikuwa tayari, ningepokea hata kofi. Uso wake ulilegea kwanza, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani na shingo bado haijaamini.

— Kwa hiyo si mkono wangu.

— Si mkono wako.

— Tano.

— Tano, shemeji.

— Jumamosi ndugu zake watakuja. Utakuja uyaseme haya haya? Mbele yao?

— Nitakuja.

— Na huyu? alisema, akamwelekezea Wembe kidevu. Kumbe alikuwa anajua kinachosemwa juu yake. Mtaa hauna ukuta.

— Mimi sitasema kitu, shemeji, alisema Wembe. Alikuwa ameshika taulo lake kwa mikono yote miwili. Walahi sitasema kitu.

Akaichukua pakiti mikononi mwangu, akaikunja mdomo tena, mkunjo juu ya mkunjo. Nilidhani amemaliza. Alipiga hatua mbili, akageuka. Sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kuelewa, haikuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonimaliza.

— Shemeji, mume wangu alikupenda. Ungemwambia "sioni," angekucheka? Angekudharau? Angekwenda tu kwa mtu mwingine. Kwa nini hukusema huoni?

Nilitafuta jibu. Mahakamani nimewasikia watu wengi wakiulizwa swali la namna hiyo, na kila mmoja alikuwa na la kusema: shetani, njaa, pombe, hasira. Nilitazama wenzangu. Breki alikuwa na maelezo ya kila ajali aliyopata maishani. Mawimbi alikuwa na mnara wake. Wembe alikuwa na methali za kutosha mtaa mzima. Birika aliinamisha chombo chake juu ya kikombe cha mtu, yakatoka mashapo matupu ya kahawa.

Alingoja kadiri mtu mwenye kazi anavyoweza kungoja. Kisha akateremka kichochoroni na pakiti yake kifuani. Hakuandikiwa ile namba, na hata angeandikiwa asingeweza kuisoma, kwa hiyo alikuwa anaisema kwa sauti huku anatembea, kila hatua, isije ikampotea kabla hajafika bwawani. Tulimsikia hadi kwenye kona ya chini.

— Tano. Tano. Tano. Tano.